Kibla cha Bawa la Kulia

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha kunguru kupaa na kutua bila cheti, bila mnara na bila kibali cha wizara. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, nimestaafu. Ninyi vijana mliobaki bandani mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, nami nimekubali upesi, kwa kuwa mzee aliyestaafu akiombwa kusema hajui kukataa.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara wangu ulikuwa na haya, hata mwezi ukifika nusu haukuonekana tena.

Nilianza kama fundi bati wa ndege, huku nyuma ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, upande wa Yombo. Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe lililopigwa pasi, nikidhani fundi wa ndege ni binamu wa rubani. Fundi mkuu wetu, Mzee Athumani, alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akanikabidhi tochi na tambara, akaniambia niingie ndani ya mkia nikatafute nyufa. Nilitoka adhuhuri nikiwa rangi moja na chungu cha jikoni.

"Sasa umeajiriwa," akasema. "Shati hilo mpelekee mama akalifanye dekio."

Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga ribiti, zile pini fupi zinazoshikanisha bati na bati. Mmoja anagonga nje, mwenziwe anakinga kwa chuma ndani, na mkono wa ndani ndio unaojua kama kazi imekaa. Alikuwa akisema, "Bati halijui wewe mtoto wa nani. Ukilidanganya litakunyamazia, lisubiri mpaka liko juu." Mungu amrehemu. Nilipiga ribiti miaka mingi, mpaka macho yangu yalipoanza kuziona mbili penye moja. Shirika likaona fundi wa aina hiyo hafai kwa ndege zinazoruka, likanihamishia makumbusho.

Neno makumbusho lilikuwa kubwa kuliko kitu chenyewe. Tulikuwa na ndege moja nzima ya propela mbili, iliyopumzishwa baada ya kuchoka kwenda mikoani. Iliegeshwa juu ya matofali, pua ikitazama magharibi, Pugu. Matairi yake yalikwisha pata ajira kwenye mikokoteni, ya nani Mungu ndiye ajuaye. Kulikuwa na injini iliyokatwa katikati ili watu waone utumbo wake, na viti vinne vya marubani visivyo na ndege.

Sehemu ya anga za juu ilikuwa nyuma ya pazia. Roketi yetu ilitengenezwa na wanafunzi wa ufundi kwa mapipa matatu ya mafuta ya taa, na siku za joto ilikuwa ikinuka ukoo wake. Mwanaanga alikuwa sanamu ya duka la nguo, kavalishwa ovaroli iliyopakwa rangi ya fedha na kofia ya pikipiki. Watoto wa shule walikuwa wakiuliza, "Babu, hii ilishafika mwezini?" Nawajibu, "Bado, inasubiri vipuri." Mwalimu mmoja aliliandika hilo kwenye daftari.

Meneja wetu, kijana mwenye mkoba wa ngozi na funguo nyingi kuliko milango, aliona makumbusho ya anga bila jiwe la mwezi ni aibu ya taifa. Akaniagiza nikalete jiwe kutoka machimbo ya Kunduchi. Nikalileta, amri ni amri. Lakini kwenye kibao niliandika: "Jiwe la Kunduchi, linalofanana na la mwezini kwa maoni ya meneja." Hatukusalimiana wiki mbili.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Mitumba ruksa, video ruksa, kila mwenye fremu ya duka akawa mwagizaji wa bidhaa kutoka Dubai. Mashirika yakaambiwa yajitegemee, na sisi wa makumbusho tukaambiwa tujitegemee zaidi, maana tulikuwa hatuna kitu. Meneja akaniita ofisini.

"Mzee wangu, nimepata wazo. Ile ndege tuifanye baa."

"Baa?"

"Viti inavyo. Wahudumu wanapita na toroli. Choo kipo."

"Choo hakina maji tangu ndege ipumzike."

"Mzee, wakishakunywa watajuaje?"

Hapo nikaaga, nikatoka. Lakini niliumia. Katika ndege hiyo, kwenye uwazi wa nyuma ya viti, ndipo nilipokuwa nikiswali adhuhuri kila siku ya kazi, nikielekea bawa la kulia, miaka tisa. Pale paliposhika paji langu la uso ndipo alipopanga kuweka kreti za bia. Nilimwomba Mola anipe njia, na njia ikapita mbele ya macho yangu siku ya tatu: mahujaji.

Msimu wa Hija ulikuwa umekaribia, na wenzetu wa uwanjani walikuwa na visa vyao vya kusimulia. Wazee wetu wengi walikuwa hawajapata kuona ndege kwa ndani. Mmoja alitia udhu kamili chooni, miguu na yote, maji yakatiririka hadi kwa rubani. Mwingine alifungwa mkanda Dar es Salaam na hakuufungua hata ndege ilipotua, akisubiri ruhusa ya aliyemfunga. Nikamwambia meneja: tuwafundishe hapa, kwenye ndege iliyokufa, ili wakaijue iliyo hai. Alikubali haraka, kwa kuwa mahujaji, alisema, hawahitaji leseni ya vileo.

Basi nikawa mwalimu. Nikawapandisha ngazi na kuwashusha. Nikawafundisha mkanda, meza ya kukunjwa, kengele ya kumwita mhudumu, na choo. "Ndege si kisima," nikiwaambia. "Kama maji hayatoshi, iko tayamamu." Na kwa kuwa safari ni ndefu na swala haina likizo, nikapiga mshale wa rangi nyekundu sakafuni, kutoka katikati ya viti kuelekea bawa la kulia, wajue kibla kiko wapi. Kundi baada ya kundi niliwakalisha, nikawaambia, "Wakati ukiingia na huna nafasi ya kusimama, geuza uso bawa la kulia, piga takbira, swali." Wakageuka kama askari. Nilijisikia vizuri mno. Nimesoma madrasa, nimesomesha madrasa, na sasa nina chuo chenye mabawa.

Mwanafunzi aliyenipa kazi kuliko wote alikuwa Bi Zena, mkunga wa Mbagala. Nusu ya watu wa mtaa ule walitua duniani mikononi mwake. Mwaka uliotangulia alikuwa ameagwa kwa dua na pilau, akafika uwanjani, akapanda ngazi ya ndege, na kwenye kidato cha nne akageuka, akashuka, akarudi nyumbani na mkoba wake. Pilau ilikuwa haijapoa. Majirani wakampa jina, Hajati wa Ngazini. Hawakumwita hivyo usoni, watu wa Mbagala wana adabu; walisubiri apite hatua tatu.

Aliletwa na mwanawe, Selemani, fundi cherehani wa Tandika.

"Shikamoo, Maalim. Huyu mama yangu. Mwaka huu akirudi tena kutoka ngazini, mie nahama Mbagala."

"Hama," akasema Bi Zena. "Chumba chako nitafugia kuku."

"Unamsikia, Maalim?"

"Aende zake huyu. Nisikilize mie, Maalim." Akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa. "Miaka sitini na ushei naomba nifike kule. Safari hii ndiyo ya mwisho, nguvu hakuna tena, na waliochanga hawatachanga mara ya tatu. Nikifa bila kufika, Mola akaniuliza, nitamjibu nini? Kwamba niliogopa ngazi?"

Wiki ya kwanza hakuingia ndani. Alisimama chini akiipapasa ngazi kama anayempima mja mzito. Wiki ya pili aliingia, akakaa, akafunga mkanda, akaufungua, akaufunga. Siku hiyo akaniuliza swali ambalo wenzake hawakuuliza.

"Ikiacha ardhi, mtu anasikiaje?"

Nilimjibu kwa ufasaha mkubwa. Nikamwambia tumbo linapanda mpaka kooni, masikio yanaziba, kisha vyote vinarudi mahali pake, asome dua na asifumbe macho. Alinisikiliza kama ninavyotamani wanafunzi wote wasikilize. Ubaya ni mmoja tu: mimi sikuwa nimepanda hata siku moja ndege iliyoacha ardhi. Miaka yangu yote ya ribiti, kila zamu ya mafundi kupanda ndege ya majaribio ilipofika, niliumwa. Niliumwa kwa uaminifu, bila kukosa zamu. Mzee Athumani alijua, akanisitiri.

Ndege ya kwanza ya mahujaji ikaondoka, ikarudi tupu kuchukua kundi la pili, la kina Bi Zena, ambalo lingeondoka kesho yake. Asubuhi iliporudi alikuja bandani Joakimu, fundi mwenzangu wa zamani, ambaye sasa alikuwa akisafiri na ndege kuangalia injini. Alikuwa anacheka tangu getini.

"We Maalim Makumbusho! Wale watu umewafanya nini?"

"Hawajafika?"

"Wamefika, wazima wote. Lakini tuko juu, pua kaskazini moja kwa moja, adhuhuri imeingia. Natoka kwa marubani nakuta ndege nzima imepinda shingo, wanaliswalia bawa la kulia! Waliokaa kushoto wanawaswalia wenzao masikio! Namuuliza mzee mmoja, 'Baba, mbona huko?' Ananijibu, 'Ndivyo tulivyofundishwa Yombo.' Maalim, mie Mkristo, lakini hata mie najua Makka iko kule mbele tunakokwenda. Umewaswalisha kuelekea Bombei!"

Nikaingia ndani ya ndege yangu, nikautazama mshale. Ulikuwa sahihi kabisa. Ndege iliyoegeshwa pua magharibi, kaskazini ni bawa la kulia, hata mtoto wa chuoni anajua. Kosa langu lilikuwa moja: nilikuwa nimeswali miaka tisa ndani ya ndege isiyogeuka hata shubiri, nikasahau kwamba kazi ya ndege ni kugeuka. Wapo watu wanaokosea kwa kutojua. Mimi nilikosea kwa rangi nyekundu.

Nikamwendea imamu wetu. Alicheka kwanza, Mungu amsamehe. Kisha akasema mahujaji wale wamefanya kwa elimu waliyopewa, na Mola ni Mwingi wa kusamehe; ama aliyewapa elimu hiyo, ajiangalie.

Kundi la kwanza lilikuwa limekwenda. Kundi la pili lilikuwa na watu wengi wa mjini, na kiongozi wao nilimpata siku hiyohiyo uwanjani, nikamweleza, akawatangazia. Lakini Bi Zena hakuwa mtu wa kutangaziwa. Mambo yote ya ndege aliyashika kutoka kinywani mwangu, kama kipofu anavyoshika fimbo. Joakimu akanishauri kwa huruma.

"Mwache mama wa watu. Nitamwambia mhudumu amgeuze uso kistaarabu. Ukimwambia umekosea hili, atakuuliza umekosea mangapi. Kesho atakomea ngazini tena, na safari hii ni wewe utakayekuwa umemshusha."

Maneno ya busara yana tabia ya kufika wakati unapoyahitaji kwa ubaya. Nilikaa nayo mpaka alasiri. Nikaswali, nikaenda Mbagala.

Uani kwake kulikuwa na wanawake wanachambua mchele wa pilau ya kumuaga. Selemani alikuwa anashona kamba ya mkoba. Bi Zena alikuwa juu ya mkeka, na tasbihi.

"Karibu, Maalim. Mbona uso umekuwa kama umefiwa?"

"Naomba tuzungumze pembeni, Bi Zena."

"Sema hapahapa. Hawa wote nimewazalisha au nimewazaa."

Nikasema. Nikawaeleza pua, bawa, Pugu, kaskazini. Mikono ikasimama juu ya nyungo.

"Kwa hiyo mshale ule mwongo?" akauliza Bi Zena.

"Mshale hauna kosa. Kosa langu."

"Na mkanda?"

"Mkanda ndivyo hivyo."

"Choo?"

"Ndivyo."

"Na lile la tumbo kupanda kooni, halafu linashuka lenyewe?"

Nilitamani sana aendelee kuuliza habari za choo.

"Hilo nimeambiwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na waliopanda."

"Kwani weye?"

"Mie sijapanda, Bi Zena."

"Mwaka huu?"

"Tangu nizaliwe."

Mwanamke mmoja akasema "Laa ilaha illallah" polepole. Bi Zena akaiweka tasbihi chini.

"Na kazi yako ni ndege."

"Kazi yangu ni ndege."

"Kwa nini hukupanda?"

"Naogopa."

Selemani akatupa sindano. "Basi! Yamekwisha. Mie natafuta chumba Kibamba, huko hawatujui."

"Nyamaza weye," akasema mama yake, bila kumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, kwa lile jicho la mkunga lisilo na haraka. "Mwaka mzima nimejificha. Sokoni nakwenda alfajiri nisikutane na watu. Nikajua ni mie tu, mshamba wa Mbagala, imani haba, ndiyo maana miguu ilikataa. Kumbe mwenye miwani, mwenye vitabu, anayeijua ndege mpaka matumbo, naye miguu inamkataa?"

"Inamkataa."

"Mbona hukusema siku ya kwanza? Ungetuokolea wiki mbili!" Wanawake wakaangua kicheko, nami nikakubali kuchekwa, kwa kuwa ilikuwa haki yao. Yeye hakucheka. "Wazazi wangu ninaowazalisha, anayesema haogopi ndiye anayenitoa jasho. Ikija saa yake anaruka kitandani, anakimbia uchi. Anayesema naogopa, huyo namwambia haya, ogopa, lakini sukuma. Hilo nawaambia wengine miaka arobaini. Mwaka jana hapakuwa na mtu wa kuniambia mie."

Akavuta kigoda, akakiweka katikati ya ua.

"Haya, hii ndege. Nifundishe upya kibla."

Nikamfundisha upya, safari hii kwa maneno machache: ndege haina kibla, inayo njia tu. Muulize mhudumu tunaelekea wapi. Asipojua, jitahidi na nia yako. Nia haigeuki na pua.

Kesho yake nilikuwa kwenye roshani ya uwanja pamoja na Selemani na waagaji wengine, tunatazama mstari mweupe wa mahujaji ukitambaa kwenda kwenye ndege. Nilimjua kwa mwendo. Akakanyaga cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye kidato cha nne akasimama.

"Yarabi," akasema Selemani, akashika chuma cha roshani.

Bi Zena akageuka. Watu nyuma yake wakabanana. Nami nikaona wazi kosa langu lote limekaa pale kidatoni, na hakuna rangi ya kulifuta. Akashuka kidato kimoja. Kisha cha pili. Selemani akafunika uso.

"Fungua macho," nikamwambia. "Mama yako hashuki."

Chini ya ngazi kulikuwa na mama mmoja mnene, ambaye sikumfundisha mimi, ameganda kama nguzo na mikono kifuani. Bi Zena alimfikia, akamshika kiganja, akamwambia jambo sikioni. Tuliona midomo tu. Kisha akampandisha, kidato kwa kidato, yeye akitangulia kinyumenyume, uso kwa uso, kama anavyosimama mkunga, mpaka wakaingia wote wawili mlangoni. Ndege ikaondoka. Selemani alilia sana, kisha akaniambia ni vumbi, siku ambayo mvua ilikuwa imenyesha.

Alirudi salama, alhamdulillahi, na lile jina la ngazini likafa kwa kukosa wasemaji. Msimu uliofuata alikuja Yombo bila kuitwa, akakaa kiti cha mbele, kile changu. Mshale nilikwisha uparua kwa msasa kwa mikono yangu mwenyewe, na alama yake ipo hadi leo. Msiifunike kwa zulia. Mahujaji wapya walipokaa, akawanyooshea kidole.

"Huyu Maalim wenu anaijua ndege, lakini hajapanda, anaogopa. Mie naogopa, na nimepanda. Haya, nani mwingine anaogopa? Inueni mikono, hapa hatuchekani."

Mikono ikainuka. Mmoja, miwili, kisha yote. Meneja alipopita akauliza kuna mgomo gani. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, kazi yangu mpya ikiwa kushika mlango, nikainua wangu.

Nanyi mnaosoma haya, Mwenyezi Mungu awajaalie elimu yenye manufaa, na ulimi mwepesi wa kusema "hapa nimekosea" kabla mtu hajapanda ngazi kwa maneno yenu. Awafikishe salama kila mnakokwenda, awarudishe salama kwa wanaowangoja, na awasamehe mliyofundisha kwa makosa, mimi nikiwa wa kwanza. Amina.